Miaka Yangu Miguuni pa Wateja

Zaituni, jirani yangu, ana kawaida ya kuvua viatu kabla ya kunisalimia. Anafanya kazi kwenye supamaketi moja upande wa Chimwaga, na jioni akishuka kwenye gari hupitia kwangu, huketi kwenye ngazi ya baraza, huvua kiatu cha kwanza, huvua cha pili, hukunja na kukunjua vidole, ndipo anasema, "Shikamoo bibi." Naitika marahaba nikiwa nimeshaangalia visigino vyake. Siwezi kuacha. Mtu aliyeuza viatu karibu maisha yake yote humtazama binadamu kuanzia chini.

Jioni moja akaniuliza, "Bibi, hivi ninyi mliwezaje? Mimi mshahara ukiingia tu, kodi imeshaumeza, nauli nayo imechukua chake, na bado sijanunua hata unga."

Nilicheka, maana swali hilohilo nami nilimuuliza mtu zamani. Nimekuwa nikimjibu Zaituni vipande vipande, mara anakunywa uji, mara anasinzia. Leo nataka kumjibu kwa kirefu, yeye na ninyi wenzake mnaosimama kutwa madukani, mkiuza nguo, simu, vipodozi, misumari, chochote. Mimi naitwa Zuhura. Nilizaliwa Chemba, nikaja Dodoma mjini nikiwa msichana, nikaingia duka la viatu na kutoka humo nikiwa bibi wa wajukuu. Mwenye duka aliitwa Mama Doris. Kwenye stoo alikuwapo Gasto, mwanamume mrefu asiyependa maneno. Na aliyenifundisha kazi alikuwa Sechelela, Mgogo wa hapahapa, aliyenitangulia dukani na kunizidi umri. Nilimwita dada Seche.

Siku ya kwanza nilimkuta amepiga magoti mbele ya mzee mmoja, ameushika mguu wake kama mtu anayepima kuku kabla ya kununua. Nilidhani hiyo kazi nitaiweza kwa wiki moja. Ilinichukua miaka.

"Usimuulize mtu anavaa namba ngapi," aliniambia. "Watu hawaijui miguu yao. Atakutajia namba aliyovaa alipooa."

Alinifundisha kumpima mteja akiwa amesimama, kwa sababu mguu ukibeba mwili unatanuka. Kupima miguu yote miwili, kwa sababu mmoja huwa umeuzidi mwenzake, na kiatu kifuate ule mkubwa. Kumshauri mtu anayenunua asubuhi achukue kiatu chenye nafasi kidogo, kwa kuwa jua la Dodoma litamvimbisha mguu kabla ya alasiri. Alinifundisha kukunja soli kwa mikono miwili: ikikunjika mbele, penye vidole, kiatu kizuri, ikikunjika katikati kama daftari, kirudishwe kilikotoka. Kiatu cha mtoto wa shule kiachiwe upana wa kidole gumba mbele, wala kisizidi hapo hata mama yake akilia, maana mtoto atajikwaa muhula mzima. Na kuhusu kupiga magoti alinipa neno moja ambalo nawapa na ninyi mnaofanya kazi za kuinama mbele za watu: "Piga magoti kama fundi aliyefuata kazi yake chini. Usipige kama mwombaji. Mteja anaona tofauti."

Kukosea nilikosea, tena vizuri. Msimu mmoja wa kufungua shule, duka limejaa hadi mlangoni, alikuja mfugaji kutoka kwetu Chemba aliyekuwa ameuza mbuzi wake. Nilifurahi kumwona mtu wa nyumbani, tukapiga soga, nikamfungia viatu, akaenda. Baada ya majuma kadhaa akarudi. Aliingia taratibu, amevaa viatu vile, akasimama mbele yangu.

"Binti," akasema, "mlinipa vya kushoto vyote viwili."

Nikatazama chini. Kweli, vyote vilikuwa vinaelekea upande mmoja kama ng'ombe wanaokwenda mtoni.

"Mzee, na umevaa muda wote huu?"

"Nimeshazoea. Ila watu wanacheka."

Gasto alipanda ngazi stoo akashuka na boksi lenye vya kulia viwili. Hapo ndipo hesabu ilipokuwa ngumu: tukimpa cha kulia kimoja, tunabaki na cha kushoto kilichochakaa na cha kulia kipya. Kwa utaratibu wa duka, hasara hiyo ingekatwa kwenye mshahara wangu, na mshahara wangu haukuwa na mahali pa kukatwa. Dada Seche alinivuta kando akaninong'oneza, "Kaka yako anavaa namba ngapi?" Basi pea ile niliichukua mimi kwa bei ya kupunguziwa, tena kwa kulipa polepole. Kaka yangu aliivaa mwaka mzima, mguu mmoja ukitangulia kuzeeka. Mpaka leo nikitoa viatu kwenye boksi, hata kama ni vya kwangu mwenyewe, navigeuza vyote viwili kwanza.

Sasa nije kwenye mshahara, ambao ndio Zaituni aliuliza.

Mshahara wetu ulikuwa kima cha chini, na hicho kima chenyewe tulikisikia redioni muda mrefu kabla hakijatufikia dukani. Tuliishi nao kwa kujipanga. Tulicheza upatu, sisi na wenzetu wa maduka ya jirani, na zamu yako ikifika ndipo unanunua godoro au unalipa ada. Nyuma ya stoo tulikuwa na jiko la mkaa, tukipika cha mchana kwa zamu, ugali wa uwele na mlenda, siku nzuri dagaa. Nilijifunza kununua nyanya jua linapozama, wakati wauzaji wanataka kwenda nyumbani. Nilijifunza pia kwamba vikao vya Bunge vikianza, kila kitu sokoni kinapanda, kwa hiyo vitunguu na maharage vinunuliwe mapema. Waliokuja kwa ajili ya vikao walikuwa wateja wetu wazuri, wengi viatu vyao havikuwa vimezoea vumbi letu. Siku walizojaa mjini, dukani tuliuza na jikoni tulibana.

Maisha yalikwenda hivyo, si mabaya. Kisha serikali ikahamia huku kwa ukamilifu wake, na mji ukaanza kukua mbele ya macho yetu. Mimi siupigi vita ukuaji huo. Umeleta barabara, umeleta maji, umemletea hata Zaituni supamaketi yake. Lakini sisi tuliokuwa tumepanga Chang'ombe ya hapahapa Dodoma tuliusikia kwanza kwenye kodi. Mwenye nyumba alikuja akiwa amevaa shati la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, nikajua kuna jambo. Akasema chumba sasa kina bei mpya, na kodi italipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kuna wafanyakazi wa ofisini, akasema, wako tayari kulipa hata mwaka.

Nilimuuliza, "Baba, kwa kazi gani nitaipata hiyo?"

Akasema, "Mama Zuhura, mimi sijakufukuza."

Na kweli hakunifukuza. Mimi niliokolewa na zamu yangu ya upatu, iliyoangukia mwezi uleule kwa bahati. Dada Seche zamu yake ilikuwa imeshapita. Alikuwa akilea wajukuu wawili walioachwa na binti yake, na chumba chake kilikuwa kimepandishwa kuliko changu. Siku moja akatuambia amehama, anakaa kwa ndugu zake. Tukauliza wapi. Akasema, "Hapohapo tu," akabadilisha mazungumzo. Sikumdadisi. Wagogo wana ndugu kila upande wa mji huu, niliona ni jambo la kawaida.

Nilichokiona ni kwamba alianza kufika amechoka. Yeye aliyekuwa akinihimiza mimi, sasa alikuwa akiketi kwenye kiti cha kujaribia viatu pale mteja anapotoka. Mama Doris hakupenda kuona muuzaji ameketi. Akachelewa mara moja, akaonywa. Akachelewa tena. Kisha siku moja hakuja kabisa, wala siku iliyofuata, na simu yake haikupatikana.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Doris alisimama mbele ya kaunta, mkoba ungali begani.

"Zuhura," akasema, "nimemvumilia vya kutosha. Kuna msichana kaletwa na shangazi yake, anaanza Jumatatu. Sechelela akija mwambie aje achukue chake."

Nilijua natakiwa kusema neno, na nilijua pia kwamba mtu anayetetea mwenzake dukani huandaliwa mlango wake mwenyewe wa kutokea. Nilikuwa na mtoto sekondari. Nilisimama nimeshika kitambaa cha vumbi nikakikunja, nikakikunjua.

"Mama," nikasema hatimaye, "dada Seche hajawahi kukosa bila kusema. Twende tukamwone kwanza. Akiwa mzima na hana sababu, mwache aende."

"Anakaa wapi?"

Nimefanya kazi na mtu miaka yote hiyo, nimekula naye chungu kimoja, na sikujua anakolala.

Sauti ikatoka stoo. Ilikuwa ya Gasto. "Mimi najua. Upande wa Zuzu, mbali, unapita Kizota unaendelea. Nilimhamishia kitanda kwa guta. Aliniapisha nisiseme."

"Kwa nini usiseme?" Mama Doris akauliza.

"Alisema mama ukijua anakotoka, utaona atachelewa kila siku, utamtoa."

Mama Doris aliweka mkoba juu ya kaunta, akauchukua tena. Naeleza tabia yake mmfahamu: alikuwa mwanamke mkali, aliyeanza kwa kuuza kandambili chini, juu ya turubai, na aliyeamini kwamba kila mtu anaweza kufanya alivyofanya yeye. Hakuwa mchoyo. Alikuwa tu hajatoka nyumbani kwake kuja kwetu. Nyumba yake na duka lake vilitenganishwa na mitaa michache, na gari.

Bahati ikawa gari hilo liko kwa mafundi Kizota. Gasto akatuelekeza njia, tukamwachia duka, tukapanda bajaji. Dereva alitufikisha lami ilipoishia, akatazama njia iliyobaki, akasema tairi zake hazitapita kwenye mawe yale. Tukashuka. Jua lilikuwa limeshapanda na upepo unarusha vumbi jekundu, tukajifunga khanga usoni. Mama Doris alikuwa amevaa viatu vya kisigino vya dukani kwetu. Nilitembea nyuma yake nikiona kisigino cha kulia kinavyoyumba, nikajua gundi yake haifiki mbali. Hakikufika. Kiling'oka penye korongo dogo, akakiokota, akakitazama kama aliyepewa na mtu mwingine.

"Hivi ndivyo tunawauzia watu?" akaniuliza.

"Hivyo ni vya ofisini, mama. Havikutengenezwa kwa huku."

Akavua vyote viwili, akatembea peku. Aliuliza mara moja tu, "Huwa anapita hapa asubuhi?" Nikasema sijui, lakini njia nyingine sioni.

Tulimkuta dada Seche kwenye kichumba cha tofali mbichi pembeni mwa nyumba ya binamu yake, amelala mkekani, mguu umeinuliwa juu ya furushi la nguo. Mjukuu mkubwa alikuwa anamfukuzia nzi. Alipotuona alijaribu kuinuka.

"Mbukwenyi," akatusalimia kwa Kigogo, jambo ambalo dukani hakulifanya, nikajua homa imempanda. Kisha akageukia Kiswahili. "Mama, nisamehe. Simu imezima, huku hakuna pa kuchaji. Kesho nakuja."

Mama Doris akachuchumaa, akafunua khanga iliyofunika mguu. Ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, na kidole kidogo kimebadilika rangi. Msumari ulikuwa umemchoma njiani, akaufunga kwa kitambaa, akaja kazini, akasimama kutwa, akarudi, akaja tena.

"Ulivaa nini?" Mama Doris akauliza. "Viatu gani?"

Mjukuu ndiye aliyekwenda mlangoni akavileta. Vilikuwa raba za kitambaa, zilizokuwa nyeusi zamani. Soli ya kushoto ilikuwa na tundu ambalo kidole changu kingepita, na kwa ndani alikuwa ametandika kipande cha boksi. Boksi la kwetu. Maandishi ya kampuni ya viatu yalikuwa bado yanasomeka.

Sikujua nitazame wapi. Mimi nilikuwa nikimwona akiingia kila asubuhi, na viatu vile alivibadilisha nyuma ya stoo kabla hatujafungua, akavaa vile vyeusi vya kazini alivyovitunza kama macho. Sote tulijua kwamba muuzaji wa viatu lazima apendeze miguuni. Hakuna aliyeuliza mwenzake anatembea na vipi njiani.

Mama Doris aliishika raba ile mkononi kwa muda mrefu. Nilidhani atafoka. Akasema kwa sauti ya chini, "Sechelela, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba kodi imenishinda? Ungesema mbona wewe ulianza na turubai."

Maneno hayo hayakusemwa kwa hasira. Yalisemwa na mtu aliyechoka, na nadhani ndiyo maana yalimfika. Mama Doris akaenda nje, akampigia fundi wake, akaamuru gari lije hivyohivyo hata kama halijamalizika. Lilikuja likitoa moshi. Tulimpakia dada Seche kiti cha nyuma, miguu yake juu ya mapaja yangu, na Mama Doris akakaa mbele akiwa peku mpaka hospitali.

Daktari alikikata kile kidole kidogo. Alisema angecheleweshwa zaidi, mguu mzima ungekatwa. Nilipomtembelea wodini nikiwa nimejiandaa kulia, dada Seche aliutazama mguu wake uliofungwa bendeji akaniambia, "Sasa huu utaingia namba ndogo. Nitaomba wanipunguzie bei." Nikacheka mpaka muuguzi akanitoa nje.

Msichana aliyeletwa na shangazi yake hakuanza Jumatatu. Tulioanza Jumatatu ni sisi. Mama Doris alifika mapema, akafunga mlango kwa ndani, akavuta kiti cha wateja akaketi.

"Semeni," akasema.

Gasto akatazama juu, kwenye mashelfu, kana kwamba kuna kiatu kimemwita. Ikabidi niseme mimi. Nilimweleza kodi ya miezi sita. Nilimweleza nauli ya kwenda na kurudi inavyokula mshahara kabla mwezi haujafika nusu, na kwamba siku za mwisho wa mwezi sote watatu tunatembea. Nilisema bila kupamba. Nimejifunza kwamba mwajiri ukimlilia anakuonea huruma siku moja, lakini ukimweleza jinsi siku yako inavyokwenda, inambidi aifikirie.

Akasikiliza. Kisha naye akasema yake, na haki yake niitoe: mwenye fremu alikuwa amempandishia kodi ya duka zaidi ya alivyopandishiwa yeyote kati yetu, na wauza mitumba walikuwa wanamchukulia wateja mlangoni.

"Nitawapa chakula cha mchana," akasema. "Duka lilipie, msichangishane tena."

Gasto akashukuru. Mimi nikahisi ulimi unataka kutulia, nikaukatalia.

"Mama, chakula tunashukuru sana. Lakini watoto wetu hawali hapa."

Nje wateja walikuwa wameanza kugonga. Mama Doris akainuka, akazunguka nyuma ya kaunta, akasimama pale tunaposimama sisi. Akasema atatupandishia, si sana, na akataja kiasi. Kweli hakikuwa kikubwa. Kisha akaongeza mambo ambayo mimi sikuyaomba kwa sababu sikujua kama yanaombeka. Duka litatukopesha kodi ya nyumba na kutukata polepole bila riba. Msimu wa shule, kila pea itakayouzwa itakuwa na chochote kwa muuzaji. Na ataanza kutupelekea michango kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, jambo lililompasa kulifanya tangu mwanzo, na hilo alilisema mwenyewe huku anaangalia funguo zake.

Tena akaleta viti. Vitatu, vya plastiki, nyuma ya kaunta. "Mteja akiingia simameni," akasema. "Akitoka, kaeni."

Msidhani aligeuka malaika. Wiki ileile alinigombeza mbele ya watu kwa kupanga viatu vya kiume upande wa kike. Miaka iliyofuata tuligombana juu ya likizo, juu ya mapazia, juu ya mikanda iliyopotea ambayo ilikuja kuonekana nyumbani kwake. Lakini neno lake la siku ile alilishika. Dada Seche alirudi, akakopeshwa, akapata chumba karibu. Aliendelea kuuza, akichechemea kidogo, mpaka akastaafu. Mimi nilimfuata baadaye. Kiinua mgongo changu hakikunijengea ghorofa. Kilinipa chumba na baraza hii ambayo Zaituni huja kuvulia viatu, na kila ninapofunga mlango wangu kwa ufunguo wangu, namshukuru Mungu, na baada ya Mungu nawashukuru watu wale watatu.

Kwa hiyo, Zaituni, na ninyi wenzake. Kazi yenu imebadilika. Mnapokea pesa kwa simu, kuna mashine inayosoma bei, kuna kamera inayowaangalia. Lakini naambiwa wengi wenu bado hamna kiti. Ulizeni viti. Ulizeni michango yenu inapelekwa au haipelekwi. Ni haki yenu, na siku hizi jibu linapatikana kwenye simu hiyohiyo mnayochezea. Mkitaka kuzungumza na mwajiri nendeni pamoja, nendeni asubuhi kabla hajakasirishwa na siku, mseme ukweli msiuongezee chumvi. Na yeye mpeni nafasi ya kusema yake. Zaidi ya yote, jueni wenzenu wanalala wapi. Mimi hilo sikulijua mpaka likataka kumpotezea mtu mguu, na ninashukuru kwamba Gasto, ambaye hakupenda maneno, alilijua.

Nilipopokea pensheni yangu ya kwanza nilinunua kitenge, sukari na majani ya chai, nikapanda gari kwenda kwa dada Seche, ambaye sasa amejenga kibanda chake kijijini kwao, kwenye mashamba ya mizabibu. Nilimkuta uani anachambua karanga. Njia nzima nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumshukuru: kwa kunifundisha kazi, kwa ile pea ya kaka yangu, na kwa maneno aliyoyasema akiwa mkekani, ambayo yalitusaidia sote. Nikaanza kuyasema. Nilipofika katikati akanyoosha mkono akanishika goti.

"Zuhura, inatosha," akasema. "Mimi nakukumbuka kila siku. Ulikuja ukaniona."

Kisha akaenda ndani, na mimi niliyefika na mfuko mdogo nikaondoka na karanga, mlenda mkavu, na jogoo aliyefungwa miguu, ambaye alinipigia kelele kwenye gari mpaka Dodoma, na abiria wote wakajua kwamba ninakotoka napendwa.